Dawa za Mwaka wa Kwanza

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Fundi Sponji. Tangu ujana wake alishona viti vya magari, na hakuna siku aliyorudi nyumbani bila chembe za sponji kichwani. Mkewe, enzi za uhai wake, alikuwa akimsimamisha mlangoni na kumpangusa nywele kwanza, ndipo amsalimie.

Alikuwa mtu wa mzaha. Ukimletea kiti kilicholika, alikibonyeza kwa kiganja, akatikisa kichwa na kusema, "Huyu keshakata roho. Tumzike au tumfufue?" Wateja walicheka hata kama walikuja na haraka zao. Lakini ukigusa habari za nyumbani kwake alijikausha kama hakukusikia, akaendelea kukata ngozi.

Sababu ilikuwa hii: mkewe alikuwa na kifafa. Majirani hawakujua, mashemeji hawakujua, na mama mzazi wa Fundi alifariki akiamini kuwa mkwe wake ana kizunguzungu cha upungufu wa damu. Mwanamke mwenyewe ndiye aliyeomba iwe hivyo. Fundi akaahidi, na ahadi hiyo akaishika maisha yao yote ya ndoa. Kisha homa ya mapafu ikamchukua mkewe, wala si kifafa, na siri ikabaki na mtu mmoja. Au ndivyo alivyodhani.

Asubuhi moja alikwenda kliniki kuchukua dawa zake za presha. Foleni ilikuwa ndefu, na ukutani palikuwa pamebandikwa tangazo jipya. Akavaa miwani akalisoma. Lilisema kwamba kumbukumbu za matibabu za hospitali na kliniki zote za eneo lile sasa zinakusanywa pamoja kwa ajili ya utafiti wa afya ya jamii, kwamba majina ya wagonjwa yanaondolewa, na kwamba mwenye swali afike ofisi ya utafiti, jengo la nyuma, ghorofa ya kwanza.

"Kwa hiyo watasoma mpaka majipu yangu ya mwaka juzi," alisema mwenye duka la vipuri aliyekuwa nyuma yake. "Wakimaliza waniambie yalitoka wapi, maana mimi sijui hadi leo."

Foleni nzima ikacheka. Fundi Sponji hakucheka. Damu ilikuwa imempanda. Alijiona amesimama mlangoni pa chumba chake, na watu wasiomjua wakipita pembeni yake kwenda kumwangalia mkewe kitandani. Akaiacha foleni, dawa hakuchukua, akaenda jengo la nyuma.

Ofisi ya utafiti ilikuwa chumba kirefu chenye meza nne, kompyuta kwenye kila meza, na feni iliyokuwa ikilalamika juu ya dari. Mtafiti aliyekuwepo alikuwa mwanamke wa makamo aliyevua viatu chini ya meza. Alipomwona mgeni alivitafuta kwa vidole vya miguu, akavivaa na kusimama.

"Shikamoo, mzee. Karibu ukae."

"Marahaba." Fundi akakaa. Kiti kilizama upande mmoja, na siku nyingine angekifanyia mzaha. "Mwanangu, nimekuja kutoa faili za watu wawili. Yangu na ya marehemu mke wangu. Sitaki zisomwe."

Mtafiti hakubisha. Alimweleza taratibu, bila kumfanya mtoto. Yeye mwenyewe anaweza kujitoa siku ileile, asitoe sababu yoyote. Kwa marehemu, familia inaruhusiwa, ila mume na watoto wakubwa sharti wakubaliane. Namba ya kadi ya marehemu itapelekwa hospitali alikotibiwa, huko ndiko wanakojua namba ipi ni ya nani.

"Hapa kwetu hakuna jina hata moja," alisema. "Hata ungeniomba nikutafutie mkeo sasa hivi, nisingeweza."

"Mtoto ninaye mmoja. Lazima naye aseme?"

"Lazima, baba. Naye ni mama yake."

Fundi alikuwa amekuja na maneno makali yaliyopangwa tayari, na sasa hayakuwa na pa kwenda. Akaangalia kompyuta.

"Na humo mnatafuta nini hasa? Mtu akiwa na kisukari, mnajua nini? Akiwa na..." akakohoa, "na kifafa, kwa mfano?"

"Kifafa tunakiangalia mwaka huu," alisema mtafiti, akageuza kioo cha kompyuta kuelekea kwake. "Tazama. Mstari huu ni wanawake vijana wenye kifafa, wa eneo letu lote. Wanachukua dawa kila mwezi, hawakosi. Halafu mtu anaolewa, anahamia anwani nyingine, na hapa," akaweka kalamu pale mstari ulipoporomoka, "dawa zinakoma. Wengi ni ndani ya mwaka wa kwanza. Baadhi tunawaona tena baadaye, lakini wodini, wameungua au wamevunjika. Na huu mwingine ni wanaume. Mwanamume akioa, mstari wake hauteremki kabisa."

"Kwa nini?"

"Tunakisia. Ila faili haisemi kwa nini. Inasema tu kwamba hakuja."

Fundi aliukodolea macho ule mteremko mpaka macho yakamwasha. Mtafiti akaona uso wake ukibadilika, akageuka na kujifanya anapanga karatasi.

Mwaka wao wa kwanza wa ndoa, Fundi alikuwa amerudi nyumbani mchana kufuata futi ya kupimia aliyoisahau. Alimkuta mkewe sakafuni jikoni, mwili unatetemeka, sufuria ya maji ya moto imempindukia mkononi. Alidhani anamwona anakufa. Hospitalini, daktari aliuliza swali moja tu, "Dawa uliacha lini?" Na mkewe, mkono umefungwa bandeji, akajibu huku akiangalia ukuta, "Siku ya harusi."

Walipobaki wawili alimwambia mumewe, "Nilidhani ukiziona utanirudisha kwetu."

"Nikurudishe vipi," Fundi alisema, "na mimi nimeshashona foronya mbili?"

Mkewe alicheka mpaka akalia. Kisha akamwomba asimwambie mtu yeyote, kamwe.

Yote hayo hakumsimulia mtafiti. Alichukua karatasi za maombi, akazikunja akazitia mfukoni, akaaga.

Binti yake alikuwa fundi wa simu. Alikuwa na kibanda chenye dirisha la kioo, na jioni alipenda kuendelea na kazi nyumbani, mezani karibu na dirisha, na kikombe cha chai pembeni. Fundi alikwenda huko siku aliyojua mkwewe hayupo. Alikaa, akasifia mapazia, akauliza habari za kazi, akayasifia mapazia tena.

"Baba," alisema binti, bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa ameifungua tumbo, "mapazia haya umeyashona wewe. Sema kilichokuleta."

Fundi akapiga moyo konde. "Mama yako alikuwa na kifafa."

Bisibisi ikasimama. Binti akaiweka mezani polepole, kando ya vile vijiskrubu vyake, asije akavipoteza.

"Najua, baba."

"Unajua? Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilirudi shule mapema, nikiwa mdogo, nikamkuta ameanguka pale kwenye korido. Nilikaa nimemshika kichwa mpaka akaamka. Akaniambia, usimwambie baba yako, ataacha kwenda kazini akae hapa ananilinda. Nikaapa."

Fundi akasogeza kiti chake karibu na meza.

"Unakumbuka nilivyokuwa mbio kurudi nyumbani kila siku?" Sauti ya binti ilianza kupanda. "Mlikuwa mnaniita mpenda mama. Wenzangu wakibaki kucheza, mimi mbio. Nilikuwa nawaza, nikichelewa atajichoma, na hakuna anayejua ila mimi. Mtoto mdogo nabeba mzigo huo, kumbe na wewe unajua!"

"Mimi nilikuwa nikipita nyumbani kila mchana," Fundi alisema kwa sauti ndogo. "Nasema nimesahau mkasi."

"Mkasi! Nilidhani una akili mbovu ya kusahau."

"Hata mafundi wenzangu walidhani hivyo. Walinichangia mkasi wa pili."

Binti akatazama baba yake, na kicheko kikamtoka kabla hajakiruhusu. Fundi naye akacheka. Walicheka vibaya, kwa machozi, kila mmoja akijaribu kuacha na kuanzishwa tena na mwenzake. Kisha binti akainuka, akaenda jikoni, akakaa huko kitambo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Alitupanga zamu, baba. Mchana wewe, alasiri mimi. Na hakumwambia yeyote kati yetu."

"Hakutaka kuwa mzigo."

"Sasa si alibeba yeye? Kukumbuka nani anajua nini, nani hajui. Siku zote hizo." Akashusha pumzi. "Ningependa tungeongea, watatu. Hata mara moja."

Fundi alizitoa zile karatasi, akamweleza habari ya tangazo na ya mstari. Binti alizisoma zote mbele na nyuma.

"Unataka nitie sahihi?"

"Nilimwahidi. Lakini ule mteremko nimeuona. Ni yeye, mwanangu. Ni yeye na wengine wengi, wanaingia jikoni kwa watu bila dawa. Nikimtoa nimetunza neno langu. Nikimwacha..."

"Ahadi ile ni yako," alisema binti. "Mimi niliapa nisikwambie wewe tu, na hiyo imeshavunjika leo. Ukisema atoke, nitatia sahihi. Ukisema abaki, sitakulaumu. Ila usiniachie mimi niamue, tafadhali."

Fundi alirudi na karatasi zake. Kwa siku kadhaa alishona vibaya. Dereva mmoja alirudishiwa kiti ambacho mshono wake ulikwenda upande, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na mafundi jirani wakaanza kuulizana kama mzee anaumwa. Alikuwa akijaribu kumsikia mkewe angesema nini, na kila mara alisikia mambo mawili. Mara alimsikia yule bibi arusi aliyeangalia ukuta. Mara alimsikia yule mama mtu mzima ambaye, ukimletea msichana mgonjwa mlangoni, asingelala mpaka amemtafutia dawa. Wote walikuwa mkewe, na hapakuwa na namna ya kuwapatanisha.

Mwishowe alirudi jengo la nyuma. Akaziweka karatasi mezani, tupu.

"Wabaki," alisema. "Na kuna jambo nataka kukusimulia. Jina sikupi."

"Silihitaji, baba."

Akamsimulia habari ya sufuria, ya siku ya harusi na ya zamu mbili. Mtafiti alisikiliza, mikono mapajani. Fundi alipomaliza, mtafiti aliomba ruhusa ya kuandika kidogo. Fundi akakubali, isipokuwa maneno ya foronya, ambayo alisema ni yake mwenyewe.

"Hivi ndivyo tulivyokuwa tunahisi," alisema mtafiti, "lakini wanawake wenyewe tukiwauliza kliniki, wanasema walisahau. Sasa nitajua namna ya kuuliza vizuri zaidi."

Ikachukua muda, kwani mambo ya ofisi hayana mbio. Watafiti walifanya mahojiano ya faragha, wakaandika ripoti, ripoti ikakaa kwenye meza za wakubwa, ikatoka. Hatimaye kliniki za eneo lile zikaanza utaratibu mpya. Msichana mwenye kifafa akija kubadilisha anwani, muuguzi humwuliza wakiwa wawili kama angependa kuchukulia dawa kliniki nyingine ya mbali na nyumbani, au kama angependa mwenzi wake aje aelezwe na mtu asiye wa familia. Fundi alimpitia mtafiti mwaka uliofuata kuuliza hali ya mstari.

"Bado unashuka," alisema mtafiti. "Mteremko umepungua kidogo. Sitakudanganya kwamba umenyooka."

Hakusikitika sana. Kilichomsumbua zaidi ni kama alimsaliti mkewe au la, na hilo hakulipatia jawabu. Alimwambia binti yake, naye akasema hata yeye hajui, kisha akamsimulia jinsi mama yake alivyowahi kumfundisha kukariri namba ya simu ya karakana ya baba kwa kuiimba wanapopika, bila kumwambia ni ya nini. Siku hizi walikuwa wakiongea hivyo kila wanapoonana, na mkwewe na wajukuu wakisikiliza.

Mtafiti ndiye aliyemwomba akae na waume vijana, siku ambazo kliniki inawaita. Fundi alikataa mara mbili, akidai yeye ni mtu wa sponji, si mtu wa hotuba. Mara ya tatu alikwenda. Chumbani walikuwamo vijana watano, wamekaa mbalimbali, kila mmoja akiangalia viatu vyake. Muuguzi alieleza ya dawa, akamkaribisha mzee. Hotuba kweli hakuwa nayo. Akauliza tu kama kuna mwenye swali.

Kijana mmoja mwenye sare ya ulinzi akainua kichwa. "Mzee, nikirudi kazini nikamkuta ameanguka, nifanye nini?"

Fundi Sponji akavuta kiti chake karibu.

"Ondoa vitu vya moto na vyenye ncha. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni, watu watakwambia utie, usitie. Weka kitu laini chini ya kichwa chake. Akitulia, mlaze ubavu, umngoje. Ukiona hatulii, au anaanza tena kabla hajaamka, mpeleke hospitali haraka. Anapoamka huwa amechoka, hajui yuko wapi. Mwambie. Mwambie na wewe ni nani."

Kijana akaitikia kwa kichwa, midomo ikisogea, akiyarudia maneno kimyakimya ayashike.

"Na kwa nini hakukwambia mapema," Fundi akaongeza, "hilo usimwulize siku hiyo. Mpe chai kwanza."