Kizuka wa Sinema ya Wanawake

Mama alikuwa eda, nyumbani kwetu Azaiba, huku ng'ambo, aliponiambia anataka kuiona tena ile sinema ya kizuka. Kuipata mtandaoni haikuwa kazi. Nilichokuwa nachelea ni dada yake.

Ni sinema ya Kiingereza, ya miaka ya baada ya vita, nyeusi na nyeupe: nyumba kubwa ya shamba, ukungu, mwanamke wa nguo nyeupe anayepita ukumbini. Mama na dada yake waliiona Unguja utotoni, kwenye maonyesho ya mchana ya wanawake tu, mabaibui yamejaa mpaka ngazini na kila mtu anamjibu mchezaji kwa sauti. Kiingereza walikuwa hawakijui. Shangazi yao, aliyesoma skuli, aliwafasiria safu nzima, na mwanamke yule alipotokea, shangazi alisema neno moja tu: kizuka.

Kwetu neno hilo ni mzuka, na pia ni mjane anayekaa eda. Dada yake mama alisikia mzuka, akajificha ndani ya baibui la mtu asiyemjua. Mama, ambaye jirani yao alikuwa eda siku zile zile, alisikia mjane. Akaona mwanamke aliyefiwa, katulia kwake, na wageni wanamvamia. Ndivyo alivyotuhadithia sisi watoto, Ijumaa baada ya kula, nami nimekua nikimwonea huruma yule mwanamke. Dada yake hakuacha kumcheka; harusi haikupita bila ya kukumbusha.

Baba alipofariki, mama alianza kumtaja yule mwanamke mara kwa mara. "Yule alistahamili," akisema, kama anayemsema jamaa. Sikutaka mtu amnyang'anye mama jamaa huyo.

Dada yake akaja kutoka kwake, mtaa wa Qurum, na sahani ya vitumbua, akakaa. Nikaiwasha sinema. Kwa macho ya leo umasikini wake unaonekana: mlango ukifungwa ukuta unatikisika, na ngazi moja inatumika kwa nyumba mbili. Wageni wakaingia na mabegi yao.

"Hawapigi hodi hawa," mama alisema.

"Wampigie hodi mzuka?" dada yake alimjibu.

Katikati ya sinema, mtumishi mzee akawaeleza wageni jambo. Mama akaniuliza kasema nini. Ningeweza kulainisha.

"Kasema bibi wa nyumba kafa zamani, mama. Mumewe alikufa vitani, na yeye hakukaa sana akamfuata."

Dada yake akajipiga paja. "Nilikwambia tangu siku ile. Kizuka ni mzuka."

Mama hakumgeukia. Alikuwa akimtazama yule mwanamke, amesimama dirishani, anangoja.

"Basi kafa hajatoka eda," alisema. "Na hakuna aliyekwenda kumwambia kuwa imekwisha."

Kwenye televisheni wageni wakawa wanakimbia, mmoja kaangusha taa. Dada yake aliiweka sahani chini, akapangusa vidole, akasogea mpaka magoti yao yakagusana.

"Wewe nitakuja kukwambia mimi, mdogo wangu," alisema. "Asubuhi mapema, hujaamka. Na nguo ya kutokea eda nitakuletea mwenyewe."

Mama akafikiri kidogo.

"Usiniletee ya kijani," alisema. "Kijani unapenda wewe."