Polisi Mlangoni pa Wakwe

Haya, leo mmenibana na nitasema mwenyewe, maana mkiisikia kwa Swaleh ataitia chumvi nitoke mbaya kuliko nilivyokuwa, ingawa nilikuwa mbaya vya kutosha, na mpaka leo nikipita Bondeni hujifunika mtandio hadi puani kama mwizi.

Ilikuwa siku ya kwenda kumsemea Swaleh, ndugu yangu kitinda mimba, aliyekuwa amempenda binti wa Mzee Athman. Kwetu mnajua wanawake hutangulia kunusa hali kabla wanaume hawajaenda kuposa rasmi, kwa hiyo nikatumwa mimi, dada mkubwa, mtu mzima mwenye busara zake (msicheke). Nikatoka na gari langu jeupe, dogo, aina ile iliyojaa Mombasa nzima, nikaliegesha pale Bondeni, mbele ya duka la Bwana Akbar, muuza unga na mchele, chini kabisa ya nyumba ya Mzee Athman, nikapanda ngazi na sahani yangu ya halwa. (Kuna jambo hapa naliruka, kwa sababu hata mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Litakuja.)

Bi Maryam, mamake binti, alinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Tukanywa kahawa, tukaulizana watu wa huku na huku, akanambia mumewe ametoka na akirudi atapitia msikitini kusali alasiri, lakini yeye kwa upande wake neno lake ni la kheri, limebaki la mzee. Nikaaga kwa adabu zote, nikashuka nikijiona balozi.

Chini nikakuta gari jeupe limebonyea kona ya nyuma ya kushoto kama sufuria lililokaliwa, taa imepasuka, na nyuma yake imesimama pikapu ya Bwana Akbar yenye bampa lililochubuka. Mtu mwingine angelizunguka gari mara moja tu alitazame. Mimi nikatoa simu nikampigia Mutua, ajenti wangu wa bima, kijana mpole wa Kikamba ambaye hajawahi kunipandishia sauti.

"Usiliguse," akanambia. "Piga picha, usigombane na mtu, na utafute polisi aandike, kwa sababu bila karatasi ya polisi bima hawatakusikiliza."

Katika maneno yote hayo mimi nilisikia polisi tu.

Nikaingia dukani. "Bwana Akbar, umelibonda gari langu."

"Mimi, dada?"

"Pikapu yako."

"Dada, sikiza, gari lako..."

"Gari langu naliona."

Nikatoka kwa hasira mpaka njia kubwa, ambako kuna askari wa trafiki, mwanamke wa bara aitwaye Afande Nekesa. Akanambia niende kituoni nikaandikishe. Nikamwambia huku nyuma mtu atakimbia (mtu ambaye duka lile lilikuwa la babake, na kabla yake la babu yake, angekimbilia wapi sijui), basi akanihurumia tukaenda naye.

Tulipofika watu walikuwa wameshajaa. Afande akauliza nambari ya gari, nikaitaja kwa moyo, akaandika bila kuinua macho. Akaniambia nifungue mlango aone cheti cha bima. Nikabonyeza rimoti, kimya, ila nilisikia ti-ti kwa mbali huko nyuma ya kona na nikaona ni gari la mtu mwingine hilo. Nikatia ufunguo mlangoni, haukuzunguka. Nikamweleza Afande kwamba kishindo kimeharibu kitasa, nikausukuma kwa nguvu mpaka ukateleza ukachora mkwaruzo mrefu kwenye rangi.

Afande akainama mbele ya gari, akasimama, akatazama alichoandika.

"Mama, nambari uliyonipa si hii."

Hapo mwenye akili angeshtuka. Mimi nikasema, tena kwa sauti ya kusikika msikitini, "Wamenibadilishia nambari. Afande, huyu si wa kugonga tu, huyu ana lake."

Bwana Akbar alivua kofia, akakaa juu ya gunia la mchele, na wateja wake wa siku zote wakawa wanamtazama kama mtu wanayemwona leo kwa mara ya kwanza. Kati ya yote ya siku ile, hilo ndilo linaloniuma.

Mara watu wakapisha njia. Alikuwa Mzee Athman na kanzu yake, ametoka kusali, funguo mkononi. "Kuna nini kwenye gari langu?"

"Asalaam aleikum," nikasema.

"Dada," Bwana Akbar akasema taratibu, "ndilo nililotaka kukwambia. Nilikuomba uhamishe gari tushushe unga. Ukalipeleka kule nyuma, kwa fundi cherehani."

Ikanirudia yote. Nilishuka na kandambili za Bi Maryam, nikalihamisha, nikamshukuru kwa kuniambia kwa upole, nikarudi kwenye kahawa yangu. Na Mzee Athman akaja akaegesha palepale, akashukia upande wake wa kulia, akavuka kwenda msikitini.

Sasa ndipo akazunguka upande wa kushoto, akaona pale palipobonyea, na ilionekana wazi kwamba anapaona kwa mara ya kwanza. Akageuka. "Basi nani kanigonga?" Na watu wote, kwa kazi yangu mimi, wakamgeukia tena Bwana Akbar.

Dirisha la juu likafunguka. "Mwacheni Bwana Akbar," Bi Maryam akasema. "Ni mimi. Juzi nilikuwa narudi nyuma kule Kizingo, nikapiga mti."

Mzee akaweka kidole mlangoni. "Na mkwaruzo huu?"

"Huo ni wangu," nikasema.

Nikamwendea Bwana Akbar nikamwomba radhi mbele ya walewale walionisikia, kwa sauti ileile. Akavaa kofia yake. "Yameisha, dada," akasema, "lakini ukija tena, egesha mbali." Kisha nikamnong'oneza Afande afute alichoandika.

"Hii haifutwi, Mama. Nitaandika gari imepatikana."

"Imepatikana wapi?"

"Mahali uliiacha."

Posa ilikubaliwa, kwa sharti la Mzee Athman kwamba siku ya wanaume kuja mimi nipande tuktuk. Nikaenda nayo, na jikoni Bi Maryam akanambia polepole kwamba alikuwa ameshapatana na fundi wa kulinyosha gari juma lilelile, na mumewe asingejua mpaka kufa. Nikachukua kisu nikamsaidia kukata vitunguu, na machozi yakapata kisingizio.

Tangu hapo nimeapa. Hata nikute gari limekunjwa kama karatasi, kwanza nainama nasoma nambari, kisha naisoma tena, ndipo nafungua mdomo.