Meno ya Ng'ombe na Jino Langu

Juzi nilimpeleka binti yangu kwa daktari wa meno, hapa Musoma mjini. Daktari alimkagua kwa kioo, hakuona kitu. Alipompiga eksirei, pakaonekana doa jeusi katikati ya magego mawili yaliyobanana. Jino lilikuwa limeoza ubavuni. Nikakaa, nikakumbuka jino langu mwenyewe.

Mchana mmoja nikiwa mtoto kule Butiama, nililia jino. Baba alitoka zizini, akanigeuza nielekee jua, akanipanua mdomo kwa vidole vyenye harufu ya maziwa na samadi. Mnadani watu walikuwaga wanamwita awakagulie meno ya ng'ombe wajue umri wao, na hakuwaga anakosea. Alitazama sana, kengele za ng'ombe zikilia nyuma yake.

"Mazima haya, mama. Unakwepa kupalilia tu."

"Linauma, baba."

"Linauma wapi, mbona silioni?"

Sikujua kwamba kuna mahali jicho halifiki. Niliyaamini macho ya baba kuliko jino langu. Jumamosi nikaenda kuungama kwa padri, kwamba nimemdanganya baba eti jino linauma. Niliyasema hayo nimeshika shavu.