Mbeba Birika wa Bonde la Luangwa

Kwa miaka ishirini na miwili Yobe Jere aliingia hifadhini akiwa mtu wa mwisho. Ndivyo safari za miguu zinavyokwenda kule bonde la Luangwa, nchini Zambia: mbele askari mwenye bunduki, nyuma yake mwongozaji, halafu wageni kwa mstari mmoja kama watoto wa shule, na mkiani kabisa mbeba birika. Birika, vikombe vya bati, majani ya chai, sukari na keki iliyofungwa kitambaani, vyote begani kwa Yobe. Saa tatu asubuhi watu wanakaa chini ya mkwaju, yeye anakoka moto, anachemsha, anamimina. Wageni wanasema asante. Anasuuza vikombe, safari inaendelea, yeye nyuma.

Msidhani ni kazi ya kijinga. Mbeba birika ndiye anayehakikisha mgeni hajabaki kichakani akipiga picha ua, na ndiye wa kwanza kusikia kama kuna kitu kinawafuata. Ila kuona, haoni. Akirudi nyumbani jioni, mkewe Zelipa alikuwa na swali lile lile.

"Baba Tamara, leo umeona nini huko?"

"Migongo."

"Migongo ya nini?"

"Ya wageni. Minne. Mmoja jua limemchoma mpaka shingo imekuwa nyanya."

Zelipa alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu, lakini alitaka kujua kweli. Yeye tembo aliwajua kwa ubaya tu, wale wanaovuka mto kuja kula mahindi yake. Alikuwa akitoka na sufuria na mwiko, akivipiga ngo ngo ngo, huku akiwatukana ukoo mzima. Mmoja, dume mwenye sikio la kushoto lililochanika, alikuwa na kesi naye ya miaka mitatu. Lakini kuingia hifadhini kama mgeni, kukaa chini ya mkwaju amiminiwe chai, hilo hakuwahi. Yobe alikuwa amemwahidi: siku nikipata leseni ya kuongoza, mtu wa kwanza kumtembeza ni wewe. Ahadi hiyo aliitoa binti yao Tamara akiwa mgongoni. Sasa Tamara naye alikuwa na wake mgongoni.

Leseni yenyewe haipatikani kwa kuomba. Watahini wanajifanya wageni, unawatembeza porini, na kila wakiuliza unajibu kwa Kiingereza. Yobe alijua yote. Angeweza kukwambia nyayo hizi ni za fisi jike, amepita alfajiri, na mguu wa nyuma unamuuma. Tatizo ulimi. Ukimsimamisha mbele ya mtu mwenye kalamu, ulimi unakauka kama kiatu kilichosahauliwa juani. Mara ya kwanza walimwuliza jina la hondohondo aliyekaa tawini mbele yao. Yobe akanyamaza mpaka ndege mwenyewe akachoka, akaruka zake. Mara ya pili alisema twiga ni mnyama mrefu, akafunga mdomo, basi.

"Jere," mwajiri wake, mwenye kambi ya watalii, akamwambia, "nakupeleka mara ya tatu. Ya nne haipo. Usijisikie vibaya, chai yako ni nzuri."

Chai yako ni nzuri! Yobe alikwenda na maneno hayo mpaka nyumbani, yakimkera kama mchanga kwenye ugali.

Asubuhi ya mtihani, Zelipa alimpigia shati pasi mara mbili. Hakumwambia ajitahidi, wala hakumwombea kwa sauti. Alisema tu, "Mimi viatu vya safari nimeshavisafisha," akaingia jikoni. Yobe akaona heri angemtukana.

Mtahini mkuu alikuwa Bwana Kasonde, Mbemba wa kaskazini, mtu wa kitambi na mwendo wa mzee wa kanisa. Siku hiyo alikuwa amevaa kofia pana na kamera shingoni, akijifanya mtalii kutoka Uholanzi. Pamoja naye alikuja mama mmoja mwembamba, mwenye daftari, asiyecheka. Mbele alikuwa Sakala na bunduki yake, na mkiani Mateyo, mpishi wa kambi, aliyeazimwa kubeba birika siku hiyo.

Sasa, Yobe ni Mngoni. Na Wangoni na Wabemba ni watani tangu enzi za vita vya mababu. Popote wanapokutana, iwe sokoni, iwe msibani jeneza likiwa bado halijafunikwa, lazima warushiane maneno. Mngoni ataitwa mla panya, Mbemba ataitwa mla nyani, na atakayenuna ndiye atakayechekwa. Lakini mtihani ni mtihani. Kasonde alikuwa Mholanzi, na Yobe alikuwa na jasho.

Saa ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Mholanzi akauliza kuhusu mwegea, Yobe akasema, "Mti." Akauliza kuhusu viboko, akajibiwa, "Wako majini." Mama mwenye daftari akaandika jambo fupi. Sakala, rafiki wa miaka mingi, alikuwa anatazama mbele tu ili asione.

Wakafika chini ya mkwaju. Mateyo akachemsha chai, watu wakanywa. Walipomaliza, mikono ya Yobe ikafanya ilichozoea. Ikakusanya vikombe, ikavisuuza, ikafunga keki kitambaani. Akatupia mzigo begani, akaenda kusimama nyuma ya mstari, akasubiri waondoke.

Hakuna aliyeondoka.

Sakala akageuka. Mama mwenye daftari akageuka. Mateyo alikuwa amesimama mikono mitupu, akimkonyeza mwenzake kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili. Ndipo Yobe akaona birika begani kwake, na moyo ukamshuka mpaka kwenye soksi. Yamekwisha. Miaka ishirini na miwili, na Zelipa na viatu vyake vilivyosafishwa, yamekwisha kwa ajili ya birika!

Kasonde alivumilia. Kwa kweli alijitahidi. Mashavu yakamjaa, kitambi kikatetemeka, kisha Uholanzi wote ukamtoka, akapasuka kwa Kinyanja, lugha ya watu wa kule:

"We Mngoni! Kiongozi anakaa mkiani? Mababu zenu walifika huku wakipigana, au walifika wakibeba vyombo?"

Na Yobe, aliyeshindwa kusema hondohondo, alikuta jibu limeshatoka mdomoni. "Tulitangulia kuwapiga ninyi, tukarudi nyuma kuwachunga msikimbie. Tena wewe nakuweka karibu kwa makusudi. Kuna nyani wengi hapa, na sijui kama umekula."

Mateyo akaangua kicheko. Mama mwenye daftari akajificha nyuma ya daftari lake.

"Haya, mla panya!" Kasonde akafuta machozi, akaonyesha kidole chini, kwenye kishimo kando ya njia. "Simba na tembo wamekushinda. Nieleze basi kuhusu chakula chako!"

Yobe akatua birika, akachuchumaa. Nani asiyejua panya? Alikuwa amewachimba tangu ana miaka mitano, kule kwao upande wa Chipata.

"Huu ni mlango wa mbele," akasema, na bila kujua alikuwa amerudi kwenye Kiingereza, tena Kiingereza kinachotembea chenyewe. "Udongo bado una unyevu, umechimbwa leo asubuhi. Mlango wa kutorokea uko huku, chini ya majani, ameuziba kwa udongo mwembamba. Mtoto akisahau kuukanyaga huo, nyumbani mnakula mboga za majani." Akasogea hatua tatu. "Hapa nyoka amepita, tazama mstari, lakini hakuingia. Alifukuzwa. Na aliyemfukuza alikaa hapa, hapa hasa. Hii ni alama ya makalio yake."

"Makalio ya nani?" akauliza mama mwenye daftari. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Mondo. Anasikiliza panya chini ya ardhi kwa yale masikio yake makubwa. Mkojo wake bado unanuka. Hajaenda mbali. Mzee Sakala, tupite kushoto, upepo utupige usoni. Mama, unifuate mimi. Bwana Mholanzi, kitambi ndani."

Wakamkuta mbele ya nyasi za kijito. Paka mrefu mwenye madoa, masikio yamesimama, ametulia tuli. Halafu akaruka juu, miguu yote minne hewani, akatua puu, akainuka na panya mdomoni. Kasonde alikuwa na miaka kumi na minane kazini, na mondo mchana kweupe, kwa miguu, hakuwahi kumwona. Alisahau hata kamera.

Njiani kurudi Yobe hakunyamaza tena. Alieleza mwegea, akaeleza viboko, akarudi hata kwa hondohondo wa mara ya kwanza na kumlipa deni lake lote. Kambini Kasonde alisaini karatasi juu ya goti lake.

"Umefaulu," akasema. "Lakini birika umeliacha kwenye shimo la panya. Kalifuate."

Jumapili iliyofuata Zelipa aliingia hifadhini. Alivaa kitenge cha harusi na viatu vile vilivyosafishwa, akatembea wa tatu kwenye mstari, kidevu juu kama balozi. Asubuhi hiyo, kabla hawajavuka, alikuwa amesema, "Nikimwona yule wa sikio lililochanika, leo namwambia ukweli wake, nyumbani kwake." Chini ya mkwaju Mateyo alimmiminia chai, yeye akasema sukari imepungua, akaongezewa.

Kisha wakafika juu ya ukingo wa mto, na kule chini walikuwa wanaoga. Tembo kumi na wawili, wakubwa kwa wadogo, na kitoto kimoja kinateleza kwenye tope, kinasukumwa kwa mkonga, kinateleza tena. Kando yao, peke yake, alikuwa dume mwenye sikio la kushoto lililochanika, anajimwagia maji taratibu. Yobe aligeuka nyuma ili aeleze, kama kazi inavyotaka. Alisimama hapo akimtazama mkewe.

Jioni wamekaa barazani, miguu ya Zelipa ndani ya karai la maji ya uvuguvugu. Mazoea hayaachiki.

"Baba Tamara, leo umeona nini huko?"

"Nimekuona wewe."

"Acha hizo. Mimi nilikuwaje?"

Yobe akamwongezea maji kwenye karai.

"Ulisahau kumtukana."