Ramani ya Uwanja wa Ndege Niliyowachorea

Mpaka leo nikimsikia mtu akisema "sisi tunaanza na binadamu," damu hunichemka. Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe mbele ya wakubwa wa serikali, na niliyaamini.

Ilikuwa miaka ile baada ya mkataba wa amani, kabla ya kura ya maoni ya Sudan Kusini kujitenga. Nilikuwa nimerudi Juba kutoka Nairobi, nilikolelewa, nikawa nakaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Atlabara. Kampuni moja ya ushauri kutoka Kenya iliniajiri kwa kuwa nilijua Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu cha Juba. Serikali ilitaka watalii waje waone Nile, swala wanaohama na ndege wa kila rangi. Sisi tulipewa kazi ya kuishauri namna ya kumpokea mgeni vizuri. Bosi wangu, Mkenya mpole ambaye shati lake lilikuwa limenyooka hata siku ya vumbi, alinifundisha mbinu yake: usianze na jengo wala sheria, anza na mtu. Mfuate mgeni tangu anaposhuka kwenye ndege. Angalia anakwama wapi, nani anamsaidia, uso wake unabadilika saa ngapi. Andika.

Basi wiki tatu nzima nilishinda uwanja wa ndege nikiandika. Mizigo ilimwagwa sakafuni, kila mtu akavuta wake. Hapakuwa na kibao cha kuonyesha foleni ipi ni ya nini. Mgeni akitoka nje, jua lilimpiga usoni na askari akamdai kibali ambacho hajawahi kukisikia. Hapo wengi walivuka barabara wakaenda kwa mama mmoja aliyeuza chai chini ya turubai la buluu, mwenye viti vya plastiki na jiko la makaa.

Mama yule aliishi mtaa wa Hai Malakal. Wakati wa vita alikimbilia Uganda, na Kiswahili chake alikiokota huko. Aliwaambia wageni ofisi ya vibali iko wapi, akawalindia mabegi, akawaonya wasitoe kamera karibu na daraja. Hakuna aliyemtuma.

Siku moja mzungu mzee, mpenzi wa ndege wa porini, alinyang'anywa darubini yake pale getini. Mama aliepua sufuria, akavuka barabara, akamkabili askari, ambaye naye alikuwa amekulia Uganda.

"Mwanangu, huyu mzee iko naangalia ndege ya Mungu," alimwambia. "Hapana ndege ya serikali."

Askari alijikaza, kisha akaangua kicheko. Darubini ikarudi. Mzee akanywa chai vikombe viwili, na mimi nikaandika yote.

Kwenye ramani yangu ya safari ya mgeni, nilizungushia turubai lile duara jekundu. Pembeni nikaandika kwamba hapa ndipo mgeni anaposimama kwanza na kupumua. Nilipendekeza akina mama wa chai wajengewe paa na wawekewe benchi, na watambuliwe kuwa wenyeji wa wageni. Kwenye warsha, mkurugenzi wa utalii serikalini, aliyekuwa mteja wetu, alipiga makofi. Yeye pia alisomea Nairobi. "Dada, umetufungua macho," aliniambia. Nilirudi nyumbani nikimsimulia shangazi kwa majivuno.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja nilifika uwanjani nikakuta trekta limepita. Turubai lilikuwa limefukiwa nusu kwenye udongo na viti vilikuwa vipande vipande. Mama alikuwa amechuchumaa akijaribu kunyoosha sufuria iliyobonyea.

"Mama, pole. Nani amefanya hivi?"

Hakuinua kichwa. "Wewe iko nakuja kila siku. Nakunywa chai yangu, nauliza, naandika. Mimi nafikiri wewe ni mtoto yangu." Alipiga sufuria kwa jiwe. "Nenda."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Sikungoja kuitwa ndani. Alinionyesha ramani yangu mwenyewe, imebandikwa ukutani, na duara jekundu linawaka katikati.

"Si wewe ulisema mgeni anasimama hapa kwanza?" aliuliza. "Sasa anaona nini? Makaa, masizi na wanawake wamekaa chini. Tumepasafisha."

"Nilisema wanasimama hapo kwa ajili ya mama wa chai! Ukurasa unaofuata nimeandika wajengewe!"

"Dada, punguza sauti. Ukurasa unaofuata ni maoni. Ramani ndiyo kazi."

Niliifikia ramani nikaichana kutoka ukutani. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto akigaragara, akasema kwa utulivu kwamba nakala wanazo nyingi.

Bosi wangu ndiye aliyenikasirisha zaidi, maana kwake nilitegemea mengine. Aliniambia mteja ameridhika, tusiharibu uhusiano. Juu ya jalada la ripoti ya mwisho aliweka picha niliyompiga mama, akicheka, birika mkononi. Nilimsihi aitoe.

"Lakini ni picha nzuri," alisema.

Nikaacha kazi siku hiyohiyo, nikapata kufundisha katika shule moja ya msingi. Pale uwanjani waliweka mawe yaliyopakwa chokaa na bango kubwa la swala. Mara kadhaa nimepita nikaona wageni wamesimama juani kando ya bango hilo, wakigeuza karatasi mikononi, hawajui pa kwenda.

Mama nilimpata baada ya miezi, mtaa wa Kator, akiuza chai karibu na kanisa. Nilikaa. Alihudumia kila mtu, kisha akanimiminia na mimi. Nikamweleza vile nilivyomfokea mkurugenzi, nilivyochana ramani, nilivyoacha kazi. Nadhani nilitaka anisifu.

Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hayo yote umefanya baada ya trekta," alisema. "Na mbele ya trekta, wewe naonyesha mimi hiyo karatasi siku gani?"

Sikuwahi kumwonyesha. Wiki tatu nilikaa kwenye kiti chake, na haikunijia hata mara moja kumuuliza kama anataka kuwekwa kwenye ramani ya serikali. Niliinamia kikombe. Yeye alikuwa ameshageuka kumhudumia mteja mwingine.