Nilivyoogopa Mlango Uliofungwa

Mimi ni mfinyanzi wa Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa. Zamani, Waingereza wakitawala, sikuwa mtu wa kuogopa ovyo. Vyungu vyangu nilivibeba kichwani mwenyewe, nikavipandisha milimani hadi Ukata.

Siku moja nilikuwa nachimba udongo na wifi yangu Agnela. Nilikuwa nimeinama chini ya ukingo wa shimo, ukaniporomokea. Nikasikia uzito mgongoni, kisha giza. Udongo ukanijaa puani na mdomoni. Nilitaka kupiga kelele, pumzi haikuwepo. Agnela alifukua kwa mikono mpaka akanipata kichwa, akanivuta.

Mbavu zilizoumia zilipona. Lakini ukaja ugonjwa mwingine. Mlango ukifungwa tu, moyo unadunda mpaka masikioni, viganja vinaloa jasho, naona nakufa. Nikawa nalala barazani. Kanisani nilisali nje, karibu na dirisha. Sikutulia: nakaa, nasimama, naizunguka nyumba, narudi kutazama mlango.

Watu wakasema nimerogwa. Shemeji yangu akasema, "Anadeka huyu. Azoeshwe."

Yeye na wenzake wakanisukuma ndani ya ghala la mihogo, wakafunga. Nilikwaruza mbao mpaka kucha mbili zikang'oka. Nilijikojolea. Walipofungua nilikimbia, na tangu siku ile hata jikoni sikuingia tena.

Mume wangu, Kosmasi, akanipeleka zahanati. Nilikataa kuingia, basi tabibu akatoka na kunipima uani.

"Mama, mapafu yako ni mazima," alisema. "Hukurogwa, wala huna wazimu. Ulifukiwa, na mwili wako haujaamini kama umetoka. Hofu hiyo itakutesa, lakini haitakuua. Ikipanda, jaribu kuingoja. Itashuka."

Akamgeukia Kosmasi. "Baba, usimsukume na usimcheke. Yeye ndiye aseme mlango ufungwe kiasi gani."

Tukaanza kujaribu nyumbani. Siku ya kwanza niliingiza mguu mmoja, nikatoka mbio, nikatapika. Kosmasi akakaa kizingitini akisuka kamba. Baada ya wiki kadhaa nikaweza kukaa ndani, mlango wazi. Kisha ukarudishwa nusu. "Nisogeze?" ananiuliza. "Bado." Anauacha. Kuna siku nilirudi nyuma kabisa, nikalia, naye akangoja kesho.

Mvua zilipoanza, binti yangu Fransiska akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Nilikuwa nje nikitembea huku na huku, nimeloa. Nikamsikia akiita, "Mama, uko wapi?"

Nikaingia. Mkunga akasema, "Mvua inapiga mpaka kitandani. Lazima nifunge."

"Funga," nikasema, "lakini usitie komeo."

Hofu ikapanda. Macho yakaingia kiza. Nilimshika Fransiska mgongoni, nikahesabu pumzi zake badala ya zangu. Ikapanda, ikakaa, ikaanza kushuka. Mjukuu wangu alipolia, nilikuwa bado mle ndani.

Namshukuru Mungu, namshukuru Agnela, na Kosmasi aliyenivumilia. Shemeji alikuja kuniomba radhi, nikamsamehe. Nyumbani kwako akiwapo anayeogopa kitu ambacho wewe huoni cha kuogopesha, iwe mbwa, maji au mkusanyiko wa watu, usimkamate kwa nguvu. Muulize leo anaweza kufika wapi, kisha kaa naye hapohapo.

Na wewe unayeogopa, sikudanganyi kwamba nimepona kabisa. Nikifika nyumba ya watu, kwanza natafuta mlango uko upande gani. Halafu naingia.