Mgongo wa Dada Ndani ya Picha ya Pasaka

Shemeji alimpiga dada yangu kwa sababu isombe, mboga ya majani ya muhogo, haikukolea chumvi. Alianza na mwiko, mwiko ukavunjika, akamalizia na waya wa umeme. Nilikuwa nimekuja kambini Nakivale kuwasalimia tu. Nilimng'ang'ania mkono kama kupe, akanikung'uta, nikagonga mlango na jino likatoka. Mimi nacheka sana, kwa hiyo pengo hilo watu wote wanalijua.

Shemeji alimpiga waya, mimi asubuhi nikampiga picha. Ngozi ya mgongo ilikuwa imepasuka mistari mistari, gauni limegandia kwenye damu. Mama mmoja mwanasheria wa Mbarara alikuwa ametuambia kwamba bila ushahidi, polisi watasema hayo ni mambo ya nyumbani. Lakini shemeji alikagua simu ya dada kila jioni. Picha ya kwanza alipoikuta, aliifuta, kisha akamvunja dada kidole. Nikapiga nyingine.

Mimi najifunza kazi kwenye studio ya picha, Nyamityobora, humohumo Mbarara. Bosi wangu, Mkongomani, alikuwa amenifundisha kuifunga picha kwa neno la siri, kisha kuificha ndani ya picha nyingine ya kawaida. Ukiitazama, huoni kitu. Basi nikauficha mgongo wa dada ndani ya picha ya shemeji mwenyewe, siku ya Pasaka, na koti lake, anatabasamu mbele ya kanisa. Neno la siri: chumvi. Nikamtumia mwanasheria kwa simu ya dada, maana yangu ni ya vitufe tu, kama tunavyotumiana picha za ubatizo, nikaufuta ule mgongo wenyewe kabisa. Nilijiona jasusi!

Jioni shemeji akaikuta. "Eh! Huyu ni mimi kweli?" Akairusha kwenye simu yake kwa bluetooth. Siku mbili baadaye aliiponda simu ya dada kwa nyundo, na nyundo hiyohiyo akamshushia dada begani.

Nilikuwa nimerudi kazini mwanasheria aliponipigia. "Binti, nimeweka neno. Hamna kitu humu."

Bosi alishika kichwa. "Uliituma sawa foto? Nilikuambia nini, weye? Meseji inakamua foto, vya ndani vyote vinakufa! Inatumwa sawa dokima!"

Nilikuwa nimesahau kuituma kama dokumenti, yaani faili, isibanwe. Kambini kwetu picha inatumwa namna moja tu. Nililia mpaka nikatapika, maana mgongo haukuwapo tena popote, na bega la dada lilikuwa limeshavunjika.

Jumamosi shemeji akaingia studio.

"Mdogo wangu, nitolee hii. Kubwa, niitundike sebuleni."

Akaninyooshea simu kwa mkono uleule. Nikaivuta ile picha ya Pasaka kwa kebo hadi kwenye kompyuta. Ilikuwa nzito bado, bluetooth haikuikamua. Nikaandika chumvi. Mgongo ukatokea, mwekundu, kila mstari mahali pake.

Bosi aliuona. Akageuza kompyuta ukutani, akaanza kulisifia koti na kuuliza lilikotoka. "Mzee, hii koti ulitoa fasi gani?"

"Imetoka vizuri?" shemeji akaniuliza.

"Vizuri sana."

Nikaituma kwa mwanasheria, sawa dokima. Akajibu hapo hapo: Nimeuona. Nakuja na polisi. Asiondoke.

Shemeji alikuwa ameshaweka kwapani fremu yenye picha yake.

"Kaa kidogo, shemeji," nikamwambia, nikimchekea kwa pengo langu. "Wino haujakauka."